Sola ya nyumbani: kweli tunaweza kuachana kabisa na gridi?

Wadau, huu ubishi hauishi. Wapo wanaosema funga paneli, weka betri, kata waya wa gridi ukae kwa raha zako, na wapo wanaosema sola ni ya taa na kuchaji simu basi. Mi naona pande zote mbili zinabishania paneli wakati kazi ngumu haiko juu ya paa, iko kwenye betri na kwenye vifaa vinavyotoa moto.

Paneli ya wati 400 watu wanaichukulia kama vile inatoa 400 tangu asubuhi mpaka jioni, wapi! Hiyo 400 ni ya maabara, seli zikiwa na nyuzi joto 25, sasa juani saa saba mchana paneli inafika hata nyuzi 60 na ikipata joto umeme unapungua, ndo maana fundi anayejua kazi anaacha upenyo wa hewa kati ya paneli na bati. Jua likiwa zuri, sawa na masaa 5 ya jua kali kwa siku, unapata kama uniti 2 (uniti 1 ni wati 1000 zikitumika saa zima), toa zinazopotea kwenye joto, waya na inveta (ile mashine inayogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumia vifaa vya nyumbani), unabaki na moja na nusu hivi. Friji peke yake inaweza kula uniti 1 kwa siku.

Usiku sasa. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 200 (Ah ni ampea kwa saa, ukizidisha na volti unapata umeme uliomo), ni uniti 2.4 kwa hesabu, ila ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo una 1.2 tu za usiku kucha. Lithiamu unaweza kuitumia mpaka asilimia 80 na zaidi, hapo ni afadhali kubwa. Halafu mtu anaamka anawasha hita ya kuogea ya wati 5000, dakika 15 tu, kamaliza uniti 1.25, yaani ule usiku mzima umeondoka na maji ya kuoga! Tena hapo inveta iwe kubwa, maana ile ya wati 1500 haifiki popote, inalia pii pii na kuzima palepale.

Na hili wengi hawaambiwi wakati wa kununua: sola iliyoungwa na gridi bila betri, gridi ikikatika na yenyewe inazima, hata kama jua linawaka. Imetengenezwa hivyo makusudi, isije ikarudisha umeme kwenye nguzo ikamuua fundi anayerekebisha laini.

Kwa hiyo inaweza kuchukua nafasi ya gridi? Inaweza, ila upige hesabu kwa siku ya tatu ya mawingu mfululizo, sio kwa siku ya jua, na kupika na kupasha maji utafute njia nyingine au ununue betri za kutosha kweli. Mi msimamo wangu, mwenye gridi asikate, apunguze matumizi yake kwa sola, na asiye nayo asikae gizani kusubiri nguzo, aanze na taa, simu na friji kisha aongeze mdogo mdogo.

Nyie mnaosema tukate kabisa, hizo siku tatu za mawingu nyumba ya watu sita mnaivushaje, jenereta tusiihesabu?