Wigtown, Melrose au Moniack Mhor: niende wapi na mswada wangu?

MwanaMzizima:
Wakuu, habari za saa hizi. Naomba ushauri, hasa kwa mlioko Uskoti au mliowahi kufika. Kazini wamenikubalia likizo ya wiki moja na nataka niitumie kwa uandishi, si kuzurura Edinburgh kupiga picha za kasri. Nimebaki na mambo matatu: tamasha la vitabu la Wigtown, tamasha la vitabu la Melrose kule mkoa wa Borders, na kozi ya kukaa hukohuko pale Moniack Mhor, kituo cha waandishi. Yote yako vijijini, na hicho ndicho ninachokitaka. Ipi ina faida zaidi kwa mwandishi? Nataka nilipie mapema.

Bi_Kalamu:
Ndugu yangu, swali lako ni nusu. Waandika nini, hadithi au mashairi? Kwa lugha gani? Una gari? Watokea wapi? Na hiyo likizo ni mwezi gani? Melrose ni Juni. Wigtown ni siku kumi, mwisho wa Septemba kuingia Oktoba. Kama wiki yako imeshapangwa, basi moja limeshajitoa lenyewe.

Kipanga_wa_Tanga:
Na bajeti mkuu. Humu watu wanaulizia vitu halafu hawasemi wana shilingi ngapi.

MwanaMzizima:
Naishi Glasgow, sina gari. Naandika hadithi fupi za Kiswahili, mkusanyiko unakaribia kukamilika, na mbili tatu nimeziandika pia kwa Kiingereza. Bajeti ni ya kawaida, mshahara wa kutunza wazee mnaujua.

Mkazi_Nith:
Mimi naishi mkoa wa Dumfries na Galloway, ilipo Wigtown, kwa hiyo nitasema bila kuficha: nenda Wigtown. Mji una watu chini ya elfu moja, lakini maduka ya vitabu yamepangana kuzunguka uwanja wa katikati. Kubwa kuliko yote linauza vitabu vya mitumba, rafu zinaingia chumba baada ya chumba mpaka unasahau mlango uko wapi, na ukutani wametundika kisomeo cha elektroniki kilichopigwa risasi, kioo kimepasuka kote. Mwenye duka alitaka msimamo wake uonekane.

Historia yake ni ya kutia moyo. Kiwanda cha maziwa kilifungwa, kiwanda cha wiski cha Bladnoch kikafungwa 1993, watu wakakosa kazi. Ukafanyika ushindani wa kutafuta mji wa vitabu wa taifa, Wigtown ikashinda na kutangazwa rasmi 1998, na mwaka uliofuata tamasha likaanza. Wakati wa tamasha unamsikiliza mwandishi kwenye hema, jioni unamkuta anakunywa supu meza ya pili. Kwenye tamasha la vitabu la Edinburgh mwezi Agosti hilo hulipati, kule unamwona kwa mbali kama mchungaji wa mkutano wa injili.

Bi_Kalamu:
Usafiri je? Mwenzio hana gari.

Mkazi_Nith:
Hapo ni kweli pana kazi. Reli ya kutoka Dumfries kwenda Stranraer waliing'oa, treni ya mwisho ilikuwa 1965. Kutoka Glasgow unapanda treni mpaka Dumfries, kisha basi la njia kuu mpaka Newton Stewart, kisha basi jingine kama kilomita kumi na moja hivi. Jumapili mabasi ni machache, angalia ratiba kabla ya kulipia chumba. Na chumba chenyewe ukitafute mapema sana, mji mdogo ule unajaa.

Profesa_Mstaafu:
Ndiyo maana mimi nasema Melrose. Treni ya Borders ilirudishwa 2015, unabadilisha Edinburgh, unashuka Tweedbank, na kwa miguu unafika. Abbotsford, nyumba aliyojijengea mwandishi wa riwaya Walter Scott kando ya mto Tweed, iko jirani. Tamasha la Melrose ndilo linalotangaza tuzo ya riwaya ya kihistoria yenye jina lake, pauni 25,000 kwa mshindi. Kwa mtu anayeandika habari za zamani za pwani yetu, kuwasikia walioteuliwa wakieleza walivyochimba nyaraka ni shule tosha.

Mwanajangwani (Muscat):
Profesa, lakini mleta mada kasema hadithi fupi. Na matamasha yote mawili ni ya wasomaji jamani. Unakaa kwenye kiti, unasikiliza saa moja, unauliza swali moja ukibahatika, unapanga foleni ya kusainiwa kitabu. Mswada unabaki mkobani. Mtu mwenye mkusanyiko unaokaribia kukamilika anahitaji jicho la mtu mwingine juu ya kurasa zake. Moniack Mhor ndiyo kazi yenyewe: Jumatatu mpaka Jumamosi, walimu wawili, kila mwanafunzi anapata muda wake wa peke yake na mwalimu, na katikati ya wiki anakuja mwandishi mgeni kusoma. Chakula mnapika wenyewe kwa zamu. Kituo kiko mlimani karibu na Kiltarlity, nje ya Inverness, na wana fungu la kusaidia wasio na uwezo, omba hilo kwanza kabla ya kulipa.

Dada_Upendo:
Naomba niweke tahadhari kuhusu haya mambo ya kozi. Siizungumzii Moniack, sijawahi kufika. Kuna nyumba moja huko huko Highlands, nyanda za juu za kaskazini, jina nitaliacha, ilitangaza wikendi ya waandishi. Tangazo lilikuwa na vitu vitatu: mwalimu fulani mwenye vitabu, kuchukuliwa kituoni, na kurasa ishirini za kila mtu kusomwa kabla hatujafika. Nililipa yote, nikatuma kurasa zangu kwa posta kwa sababu walitaka za karatasi.

Nimeshuka kwenye treni jioni, kituo hakina hata mtumishi, mvua ya upepo, simu haishiki mtandao. Hakuna gari. Nilikaa kwenye kile kibanda mpaka mama mmoja aliyekuja kumpokea mwanawe akanihurumia, akanipeleka. Kufika, mwalimu hayupo, amepata dharura, tutamwona kwenye skrini. Intaneti ya pale ikawa inakatika kila akifungua mdomo. Siku ya kuondoka nikarudishiwa kurasa zangu. Zilikuwa safi. Hakuna alama ya penseli, hakuna kona iliyokunjwa, kibanio kiko palepale nilipokibana nyumbani. Juu wamebandika karatasi ndogo: sauti nzuri, endelea. Kila mmoja wetu alipewa maneno hayohayo, tulilinganisha kwenye gari la kurudi.

Nikaandika kudai pesa. Wakajibu kwamba programu "ilitolewa kwa ukamilifu". Mpaka leo. Kwa hiyo kaka, ukilipia kozi, dai kwa maandishi nani atasoma kazi yako, kurasa ngapi, na nini kinatokea mwalimu asipokuja.

Kipanga_wa_Tanga:
Pole sana dada. Hao ni wezi.

Mwanajangwani (Muscat):
Pole dada. Lakini kituo chenye miaka zaidi ya thelathini hakifanani na nyumba ya mtu anayetafuta wageni wa msimu.

Profesa_Mstaafu:
Kuna jambo halijaguswa. Anaandika Kiswahili. Mwalimu wa pale atasoma nini?

Mwanajangwani (Muscat):
Atasoma zile za Kiingereza alizosema anazo.

Profesa_Mstaafu:
Mbili tatu? Alipe wiki nzima kwa ajili ya hadithi mbili, ilhali kazi yake halisi hakuna anayeweza kuigusa? Mimi ningempa mhariri wa Kiswahili nauli hiyo.

Mkazi_Nith:
Profesa, hapa tunatofautiana. Waskoti wenyewe wanaishi na suala hili. Mshairi Burns alikuwa mkulima kwenye shamba la Ellisland, hapa jirani, 1788 mpaka 1791, akaandika kwa Kiskoti wakati wakubwa wanakiona ni lugha ya shambani. Mpaka leo tuzo ya ushairi ya Wigtown ina kitengo cha Kiskoti na cha Kigaeli mbali na Kiingereza. Ukimwambia mwandishi wa hapa kwamba unaandika kwa lugha yenu, hakushangai. Atakuuliza maswali mazuri kuliko wengi wa London.

Bi_Kalamu:
Nakubali. Na kwa Kiswahili chenyewe milango iko: tuzo ya Safal-Cornell yapokea miswada, na Tanzania mna tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu. Mkusanyiko ukikamilika waulize kama wanapokea hadithi fupi. Uskoti aende kuisikia lugha ndogo ikisimama wima, apate nguvu.

Profesa_Mstaafu:
Nguvu sikatai. Nakataa gharama.

Dada_Upendo:
Kuna jingine la bei rahisi. Mwisho wa Mei mkoa wa Dumfries na Galloway una Spring Fling, wachoraji na wafinyanzi wanafungua karakana zao, unaingia, unawatazama wakifanya kazi. Kwangu mimi kumwangalia mtu akiupiga udongo upya kwa sababu umekataa, kulinifundisha kufuta sentensi kuliko ile kozi yote.

Kipanga_wa_Tanga:
Tena mimi hiyo habari ya mji uliofilisika ukageuzwa mji wa vitabu imenikaa. Kwa nini Bagamoyo isiwe hivyo? Chuo cha sanaa kipo, tamasha lao la sanaa na utamaduni lipo miaka mingi, majengo ya kale yapo yanabomoka. Kinachokosekana ni maduka ya vitabu.

Bi_Kalamu:
Lamu ndiyo yafaa zaidi. Utenzi umeandikwa kule karne na karne.

Kipanga_wa_Tanga:
Lamu mgeni wa kawaida atafikaje? Bagamoyo ni daladala kutoka Dar.

Mkazi_Nith:
Wigtown haina hata treni na watu wanafika. Na wenye maduka walikuwa wauzaji wa vitabu vya mitumba. Nani hapa ana shehena ya vitabu vya Kiswahili vya zamani?

Kipanga_wa_Tanga:
Baba yangu mdogo Muheza ana makabati mawili, matoleo ya miaka ya sabini. Mchwa wameanza kuingia. Nitampigia leo.

MwanaMzizima:
Nawasoma wote, asanteni sana. Dada Upendo, maswali yako nimeyanakili, nitawaandikia Moniack kesho, na nitaulizia hilo fungu la msaada. Mkazi wa Nith, nikija kwenu Septemba, Dumfries kuna sehemu ya kulala usiku mmoja kabla ya basi?

Mkazi_Nith:
Zipo. Ila kaka, likizo ni Septemba au Juni? Bado hujasema.