Pampu yetu ya maji mmeihamishia kwenye choo cha kanisa

Wakuu, salamu baadaye. Leo nina hasira, naomba mniache nimalize ndipo mnitukane.

Naishi Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda, upande wa Base Camp. Kwa wasiopajua, ni makazi ya wakimbizi. Sisi wa Kongo tumo wengi, kuna Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, na sokoni Kiswahili ndicho kinachotupatanisha bei. Huu ni mwaka wa tatu nachangia OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuihariri. Silipwi, sijaombwa na mtu, napenda tu kuona kwetu kunaonekana.

Mwezi uliopita mimi na binamu yangu tulimaliza Jumamosi mbili kwa miguu tukiandika pampu za mkono. Tulipata 37. Kwenye kila pampu tunasimama, tunasubiri GPS itulie ifike mita 4 au 5, halafu tunamuuliza mama anayetunza ufunguo: inatoa maji? Yana chumvi? Inafungwa saa ngapi? Kila nyumba inachanga shilingi ngapi kwa mwezi? Moja mkono wake ulishakatika, wamefunga kipande cha bomba kwa mpira wa tairi la baiskeli na inapiga kazi kama kawaida. Hilo nalo niliandika. Yote hayo naandika kwenye Vespucci, programu ya simu ya kuhariri ramani hiyo, bila intaneti, jioni nachaji simu kwa mwenye sola kwa shilingi 500, nanunua bando (ambalo tangu Julai 2021 lina kodi yake ya asilimia 12, tusisahau), ndipo napakia.

Juzi nafungua ramani nimuonyeshe mgeni pampu ya jirani na kanisa. Siioni. Navuta karibu. Imesogea kama mita 20. Navuta tena. Imekaa juu ya choo!

Na choo chenyewe nakifahamu vizuri. Cha shimo, milango 4, mabati mapya, vijana wa kwaya ndio walichimba na mimi nilishika koleo siku mbili mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kwa hiyo mtu asije kuniambia labda nimechanganya.

Uzuri wa ramani hii ni kwamba hakuna linalofichika, kila nodi, yaani nukta kwenye ramani, ina historia yake. Nikafungua. Aliyehamisha ni mtu wa mbali, asubuhi hiyohiyo alishahariri Malawi na Nepali kabla ya kutufikia sisi kama saa nne hivi. Maelezo aliyoacha: amerekebisha mahali kulingana na picha ya setilaiti. Na nodi yangu ilikuwa imeandikwa wazi kabisa chanzo ni kupima papo hapo, tarehe ipo. Aliona kiboksi cha kijivu, akaona hicho ndicho kinafaa kuwa pampu, akaikokota.

Nilimwandikia kwenye sehemu ya maoni ya seti yake ya mabadiliko, yaani rundo la alichohariri siku hiyo, kwa adabu zote, ndugu hapa tumepima kwa miguu, naomba uirudishe. Siku 4 kimya. Ya 5 akajibu: picha haionyeshi pampu mahali hapo.

Haionyeshi! Pampu ya mkono ni chuma chembamba kuliko paja langu, kamera iliyo juu angani itakionaje? Ukibahatika utaona doa la tope na mstari wa madumu ya njano. Tena picha zenyewe huwa hazijakaa sawa. Kwenye nchi ya vilima kama Isingiro zinasogea, upande huu wa kilima mita 5, upande ule 15, ndiyo maana JOSM, programu ya kompyuta ya kuhariri ramani, ina sehemu ya kusawazisha picha kwa kutumia nyayo za GPS (njia ambazo watu wamepita na vifaa vyao vikazirekodi) kabla hujachora chochote. Mtu hakusawazisha kitu. Alichukua picha iliyosogea akaitumia kusahihisha miguu yangu.

Ingekuwa hiyo tu ningemeza. Lakini nilipoanza kuangalia eneo zima nikakuta mengine. Kuna kijiji, nilihesabu "nyumba" 26 zilizoongezwa kwenye uwanja ambao mimi najua hauna hata kibanda. Nikapanda boda mpaka huko, shilingi 3,000 zangu. Yalikuwa maturubai ya kuanikia maharage. Picha ilipigwa wakati wa mavuno. Hapa simlaumu sana aliyechora, maana turubai hilohilo jeupe ndilo paa la mtu aliyeingia kambini wiki iliyopita, ukiwa Ulaya huwezi kutofautisha. Ila kuna mtu mwingine aliyepaswa kuhakiki, akabonyeza, kiboksi cha eneo hilo kwenye mfumo wa kugawana kazi ya kuchora kikageuka kijani, kimekwisha. Alihakiki nini? Kesho shirika likija kugawa vyandarua kwa kuhesabu mapaa, maharage nayo yatapewa.

Na ile njia ya kinamasini. Hii ndiyo inaniudhi kuliko choo. Niliichora kama kijia cha miguu, nikaandika ni ya msimu, maana Aprili maji yanafika kiunoni na mafunjo yanafunga kabisa. Mtu kaona mstari mweupe kwenye picha ya kiangazi, kaipandisha cheo ikawa barabara ya magari, na neno la msimu akalifuta. Sasa OsmAnd, programu ya simu ya kuonyesha njia inayotumia ramani hii, inampitisha mtu humo kwa sababu ni karibu. Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa boda, mgeni kutoka Mbarara, aliifuata simu na abiria nyuma. Pikipiki ilizama mpaka tenki. Tulimvuta kwa kamba ya ng'ombe, abiria kashika viatu mkononi analia, kijana ananiuliza ramani hii imechorwa na nani. Nilinyamaza.

Halafu majina. Njia panda yetu kila mtu anaiita Mwembe Mmoja, wakimbizi na Wanyankole wenyeji kwa pamoja. Jina limeondolewa eti halimo kwenye orodha rasmi. Tangu lini? Kanuni ya OpenStreetMap ni kuandika kilichopo mahali penyewe, jina ni lile wanaloliita wenyeji. Simama pale umwambie mwenye boda akupeleke kwenye njia panda isiyo na jina, uone atakupeleka wapi.

Kabla hamjanirukia: sisemi watu wa mbali waache. Baada ya tetemeko la Haiti 2010 watu waliokaa majumbani kwao ndio waliochora Port-au-Prince, waokoaji wakapata njia. Huku kwetu pia, barabara nyingi za kusini mwa Isingiro nilizikuta zimeshachorwa na watu ambao sitawahi kuwaona, nawashukuru. Na mimi mwenyewe si malaika. Mwaka wa kwanza nilikaa Mbarara nikachora kutoka kwenye picha "barabara" nzuri iliyonyooka, kuja kufika ni njia ya ng'ombe kwenda ziwani. Nilifuta mwenyewe kwa aibu.

Ninachokataa ni aliyekaa kumfuta aliyetembea, bila kumuuliza. Pahali tupu, chora. Ukikuta kitu kimeandikwa kimepimwa papo hapo na tarehe ni ya mwezi jana, mikono mfukoni kwanza. Kuna sehemu ya kuacha dokezo, kuna sehemu ya kumwandikia mhariri, vyote bure. Na nyie mnaopanga hizi shughuli za kuchora kwa makundi, miongozo ya uhariri wa makundi ipo tangu 2018, inataka mjitambulishe na muache anwani ya kuwapata. Hiki kikundi kilichotupitia sisi kina alama yake (hashtag) kwenye maelezo ya mabadiliko lakini ukurasa hakuna, wa kuwasiliana naye hakuna. Nimetafuta siku 2 na bando langu.

Kama humu kuna anayewajua waandaaji wa aina hii, au mtu aliyewahi kurudisha mabadiliko mengi kwa mkupuo, anielekeze. Nimejaribu ile programu-jalizi ya kurudisha kwenye JOSM, ikaniletea migongano 60 na zaidi (sehemu ambazo wengine wameshazihariri baadaye), nikaogopa kuharibu na mazuri waliyofanya, maana yapo. Njia ya kinamasi na jina la Mwembe Mmoja nimeshavirejesha kwa mkono. Maharage bado nafuta moja moja.

Pampu nimeirudisha leo asubuhi, nodi imefika toleo la 7. Jumamosi naenda kuipiga picha na foleni yake ya madumu niiambatishe. Nikirudi nikaikuta chooni tena, napeleka kesi kwa Kikundi Kazi cha Data (Data Working Group), wanaoshughulikia migogoro ya uhariri OpenStreetMap, na picha ya choo naambatisha pia, milango yote 4.