Ulinganisho: mahojiano ya redio na mwandishi aliye mbali. Simu, WhatsApp au kila mtu ajirekodi?

Kipaza_Mwanza:
Wakuu, salaam. Kipindi ni cha dakika 30 kwa wiki. Mtangazaji yuko studio Mwanza, mwandishi wa habari yuko Kampala, na mada ni teknolojia na siasa. Mada ya kwanza: Uganda ilivyotoza watumiaji wa mitandao ya kijamii shilingi 200 kwa siku kuanzia Julai 2018, kisha 2021 ikaiacha kodi hiyo na kuweka asilimia 12 kwenye bando. Njia ipi inafaa: simu ya kawaida, WhatsApp, au kila upande ujirekodi halafu tuunganishe?

FundiMitambo:
Simu ya kawaida hupitisha sauti za takriban hezi 300 hadi 3,400 tu (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde; zikiwa nyingi, sauti ni nyembamba). Ukali wa s, f na th uko juu ya hapo, ndiyo maana "thamani" husikika "samani". Kwa taarifa ya dakika 2 msikilizaji atavumilia. Kwa dakika 30 atahama stesheni. WhatsApp ina sauti pana zaidi, ila mtandao ukiyumba maneno humezwa, na neno lililomezwa halirudishwi na mhariri yeyote. Kama kipindi si mubashara, kila mtu ajirekodi.

Kosa linaloharibu kazi ni kutumia simu moja kuongea na kurekodi. Simu nyingi zikiwa kwenye maongezi huinyima programu ya kurekodi maiki, unaletewa faili la kimya. Mwandishi awe na simu mbili. Ya maongezi iwe na hedifoni, sauti ya mtangazaji isivuje. Ya kurekodi iwekwe hali ya ndegeni, sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya p na b isipige maiki. Feni izimwe.

Bi_Mdadisi:
Na bando je? Mwandishi wa kujitegemea hawezi kutuma faili zito kila wiki.

FundiMitambo:
Swali zuri, dada. WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, ya 48 kHz, biti 16, chaneli moja, ni kama MB 5.8 kwa dakika, yaani MB 173 kwa nusu saa. AAC, faili lililobanwa, ya kbps 128 haifiki MB 30, na kwa sauti ya mtu mmoja inatosha kabisa. Atume WhatsApp kama nyaraka.

Mhariri_wa_Zamu:
Sauti mmeimaliza vizuri, ila naona siasa mnaipita haraka. Mubashara, tuhuma dhidi ya mtu aliyetajwa jina ikishatoka haishikiki. Ukirekodi, unampigia mtuhumiwa, unapata jibu lake, unaliweka ndani ya kipindi hichohicho. Hiyo peke yake inanitosha kuchagua kurekodi.

Halafu maswali. Toa ufunguzi na matangazo, mnabaki na dakika kama 24: maswali 5, si 12. "Unaionaje hali?" huzaa maoni ambayo yeyote angeweza kuyatoa. Muulize: umeongea na nani, waraka gani umeusoma, kodi ilikatwaje kwenye simu ya muuza nyanya? Mwandishi aseme wazi alichothibitisha na alichosikia tu.

Mawimbi_KLA:
Msiitupe simu ya kawaida. Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda nzima. WhatsApp haikuwa na kazi; maongezi ya kawaida ndiyo njia iliyobaki. Laini ya simu iwe tayari kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), na mgeni arudishiwe kila kitu isipokuwa sauti yake mwenyewe: AUX, yaani njia ya pembeni ya kutoa sauti kwenye mikisa, inayokwenda kwenye simu iwe sifuri kwenye chaneli ya mgeni. Isipokuwa hivyo atasikia mwangwi wake, na ataanza kusitasita katikati ya sentensi.

Kipaza_Mwanza:
Ahsanteni sana. Mafaili mawili tunayaoanishaje?

FundiMitambo:
Rekodi zote mbili, ya studio na ya mwandishi, zikishaanza, mwandishi ahesabu hadi tatu na kupiga kofi moja, halafu arudie mwishoni. Kofi litasikika pia studio kupitia simu. Oanisha hapo, kisha sogeza kidogo kwa sikio, maana simu huchelewesha sauti. Saa za ndani za vifaa hazilingani kasi: tofauti ya sehemu 50 kwa milioni ni sekunde 0.09 kwa nusu saa, na majibu yanaanza kukanyaga maswali. Kofi la mwisho litakuonyesha pengo. Kata kwenye kimya kati ya swali na jibu, usogeze. Mwandishi aache pia sekunde 30 za kimya cha chumba chake, za kuzibia viraka.