Je, masharti ya Uviko-19 ya kuingia Marekani yameondolewa yote?

Mwana wa Pangani: Wanajamvi, habari zenu. Mama yangu, aliyeko Tanga, ana viza ya matembezi ya Marekani ambayo bado haijaisha muda wake, ila hakuchanjwa chanjo ya Uviko-19. Anatamani kuja kumwona mjukuu wake, ambaye ameshaanza kutembea bila bibi yake kuwahi kumpakata. Je, uwanjani atadaiwa cheti chochote zaidi ya kadi ya homa ya manjano?

Msafiri Mzoefu: Hatadaiwa, ndugu yangu. Sharti la kupima kabla ya kupanda ndege liliondolewa tarehe 12 Juni 2022, na lile la chanjo, lililowabana wageni wanaoingia kwa ndege tangu tarehe 8 Novemba 2021, lilikoma usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 2023. Kadi ya homa ya manjano Marekani haiidai, lakini mama asiiache nyumbani, kwa sababu akirudi kupitia Nairobi au Addis Ababa anaweza kuulizwa akifika Tanzania. Hata kama kadi hiyo ni ya zamani, asitozwe fedha za kuihuisha, kwani tangu Julai 2016 chanjo hiyo inatambuliwa kwa maisha yote ya aliyechanjwa.

Bi Shamsa: Naomba niongeze jambo ambalo wengi hulichanganya. Kilichoondolewa Mei 2023 ni sharti la kuingia kama mgeni. Anayeomba viza ya uhamiaji hupimwa afya na daktari aliyeidhinishwa na ubalozi, na baada ya tarehe hiyo chanjo ya Uviko-19 iliendelea kuwamo katika orodha ya chanjo za uchunguzi huo. Kwa hiyo mkija kumwombea mama ukaazi wa kudumu, ulizeni upya.

Mkaazi wa Minnesota: Mimi bado naumia nikikumbuka jinsi sharti lile lilivyowekwa. Raia wa nchi zenye uhaba wa chanjo walipewa msamaha, lakini wenye viza za matembezi na biashara hawakuhusishwa, na hizo ndizo viza wanazokuja nazo wazazi wetu. Tanzania ilianza kuchanja Julai 2021, ikiwa na dozi zipatazo milioni moja tu kwa nchi nzima. Mzee wa kijijini angeipata wapi mapema?

Mwana wa Pangani: Nawashukuru sana. Kesho namkatia mama tiketi.