Kamba 11 wamekufa ndani ya siku tatu. Tangi la maji ya chumvichumvi nililikosea wapi?

ghorofa_ya_nne (Kahawa West)

Wadau, habari za jioni. Naomba msaada, na msinicheke sana maana mke wangu ameshanicheka ya kutosha.

Mwezi uliopita nilinunua tangi la kioo la lita 30 kwa kinyozi aliyekuwa anafunga duka. Lilikuja na pampu ya hewa na kichujio cha sponji. Nikaliosha, nikaweka mchanga na kipande cha gogo. Shemeji yangu anaendesha lori la Mombasa, nikamwomba aniletee wale kamba wadogo wa mikokoni huko Mtwapa, wale unaoweza kuona chakula kikishuka tumboni. Akaleta 11 kwenye mtungi wa lita 5, wote wazima, utingo wake akiwa ameupakata mtungi kama mtoto mchanga kutoka Mariakani hadi Mlolongo.

Maji nilitumia ya mfereji. Kwetu yanakuja kwa zamu, Alhamisi na Jumapili. Yalilala usiku mmoja kwenye ndoo yenye kifuniko, nikatia chumvi ya jikoni vijiko vinne, asubuhi nikawamimina wote kwa pamoja. Siku ya kwanza walitembea vizuri, wakichokora mchanga. Siku ya pili maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Nikadhani ni uchafu, nikatoa ile sponji nikaisugua chini ya mfereji mpaka ikatakata. Usiku huo wakafa watano. Siku ya tatu wakaisha. Wa mwisho alijibanza kwenye kona, vile vimiguu vya tumboni bado vikipepea, nikakaa naye mpaka saa saba usiku kama nimeketi wodini.

Sasa jirani anasema nitie magadi, ati ndiyo chumvi ya kienyeji. Mwingine anasema niyaache maji siku saba tu halafu niweke wengine. Ni kweli? Shemeji anashuka tena Mombasa baada ya wiki mbili.

---

kemia_na_chaki

Pole sana. Mimi nafundisha kemia shule ya upili na nina matangi mawili sebuleni, kwa hivyo utanivumilia nikirefusha.

Magadi hapana, tafadhali. Hiyo ni sodiamu kaboneti, ile tunayotia kwenye maharagwe yaive upesi. Itapandisha pH (namba ya kuonyesha maji ni ya asidi au ya alkali), na pH ikipanda, amonia iliyomo majini inageuka kuwa ile aina yake kali inayochoma mashavu ya kamba. Utawaua mara ya pili.

Sasa tuhesabu makosa. Vijiko vinne vya chakula ni kama gramu 70. Ukitoa nafasi ya mchanga, tangi lako lina maji kama lita 24, kwa hivyo uliwapa gramu 3 kwa lita. Bahari ina gramu 35 hivi. Hao wametoka pengine kwenye 25 au 30, wakatumbukia kwenye 3 kwa dakika moja. Hata bila kosa lingine wasingefika mbali. Halafu chumvi ya jikoni ni sodiamu kloridi tupu. Watu huisingizia iodini, lakini shida si iodini, shida ni kwamba haina kalsiamu wala magnesi, na kamba anajengea gamba lake kwa hizo. Tafuta chumvi ya matangi ya bahari, au uletewe maji ya bahari yenyewe. Lenga gramu 15 kwa lita. Kwa tangi lako ni gramu 360, au kama lita 10 za bahari kwa lita 14 za mfereji.

Ndoo isifunikwe, klorini itatokea wapi? Iache wazi siku mbili na jiwe la hewa ndani, kile kijiwe cha pampu kinachotoa mapovu. Na maji ya kisima usiyakimbilie hata mfereji ukikauka. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi, mimi sivitumii kwenye tangi.

Lakini kosa kubwa ni kwamba tangi lilikuwa tupu. Simaanishi maji, namaanisha bakteria. Kamba akila na kunya anatoa amonia. Kuna bakteria wanaoila na kuifanya nitriti, na wengine wanaoila nitriti na kuifanya nitrati, ambayo kwa kiasi kidogo haina neno. Hao hujishikiza kwenye mchanga na hasa kwenye sponji. Ule weupe wa siku ya pili ni bakteria wa aina nyingine, wa mabaki ya chakula, ungejiondokea wenyewe. Wewe ukachukua sponji, mahali pekee walipokuwa wameanza kukaa wale unaowahitaji, ukaisugua kwa maji ya klorini. Sponji huminywa kwenye kibeseni cha maji ya tangi lenyewe, basi.

Walishe hao bakteria amonia kabla ya kuwa na mnyama. Ukipata amoniamu kloridi safi, yeyusha gramu 3 kwenye mililita 100 za maji. Mililita 5 za mchanganyiko huo kwenye lita zako 24 ni karibu miligramu 2 za amonia kwa lita. Pima kila baada ya siku mbili tatu kwa vile vipimo vya matone, na utumie kadi ya rangi ya maji ya chumvi. Kwanza utaona amonia ikishuka na nitriti ikipanda, kisha nitriti nayo itaanguka. Siku utakayotia kipimo hicho jioni na kesho yake jioni ukute amonia sufuri na nitriti sufuri, tangi liko tayari. Badilisha nusu ya maji upunguze nitrati, ndipo umpigie shemeji.

Siku saba usahau. Maji yenye joto la 26 huchukua wiki nne mpaka sita. Kwenye baridi yetu ya Julai ni zaidi.

---

mlaji_wa_kamba

Mimi nilidhani hao ni wa kukaanga na kitunguu. 😂 Samahani, endeleeni.

---

mwana_wa_kreki (Mtwapa)

Ndugu yangu, mimi ndiko nilikozaliwa huko unakotumia shemejio. Sikiza.

Mwambie asichote maji popote pale tu. Achote maji yakiwa yamejaa, yameanza kusimama, hapo ndipo bahari imeingia ndani ya kreki, ule mkono wa bahari unaoingia bara. Yakitoka, mwachota matope na maji ya mitaro. Na wakati wa masika msiyaamini kabisa, maana mvua ikipiga siku tatu, maji ya juu pale kwetu karibu wayanywa. Mtungi uwe wa mafuta ya kupikia ulioshwa, si wa dizeli. Madereva nawajua.

Kamba nao wako namna nyingi. Ataka wale wadogo, weupe kama kioo, wenye kucha nyembamba. Akiletewa mwenye mikono mirefu kupita mwili, akatae. Huyo ni mla wenziwe, utaamka umebaki na mmoja mnene. Tena asiingie kuvua ndani ya mbuga ya taifa ya baharini (marine park), pale hapatolewi kitu. Awaulize watu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, watamwonyesha.

Na kumi na mmoja kwa tangi hilo ni wengi kwa mtu anayeanza. Chukua sita.

---

ghorofa_ya_nne

Mwalimu, asante, nimesoma mara tatu. Mwana wa kreki, shemeji amesema amekusikia na kwamba mtungi haukuwa wa dizeli (sina hakika).

Maswali mawili. Amoniamu kloridi dukani wananiangalia kama nataka kutengeneza bomu. Naweza kuozesha omena? Na nimepima joto leo saa kumi na mbili asubuhi, maji yako 18. Ninunue kihita na stima yetu hii inavyopotea?

---

kemia_na_chaki

Omena inafanya kazi, ila huwezi kuipima. Weka wawili kwenye kipande cha soksi ya nailoni ili uweze kuwatoa amonia ikizidi. Itanuka, mwandae mama watoto.

Kihita nunua, wati 50 zinatosha, uweke 25. Stima ikipotea, joto si la kwanza kulia, hewa ndiyo ya kwanza. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kwa joto lilelile maji yetu yanashika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko ya Mombasa, na maji ya chumvi yanashika pungufu zaidi ya matamu. Pampu ndogo ya betri ni bora kuliko kihita cha pili.

Chora mstari kwa kalamu nje ya kioo, pale maji yalipo leo. Yakishuka, jazia maji matamu hadi mstarini. Yanayopaa ni maji, chumvi inabaki, kwa hivyo ukijazia ya chumvi utajikuta na Bahari Hindi nzima ghorofa ya nne.

---

ghorofa_ya_nne (baada ya wiki nane)

Nimerudi. Nyinyi wawili nina deni lenu.

Omena walidumu siku tisa, kisha mke akasema ni wao au yeye. Nikapata amoniamu kloridi kwa rafiki wa rafiki anayefanya kazi maabara. Amonia ilianza kushuka siku ya 17. Nitriti ndiyo iliyonitoa jasho, kipimo kilikuwa zambarau ileile kwa siku 16 mfululizo. Katikati stima ikapotea saa tisa nzima, nikalifunika tangi blanketi la mtoto, pampu ya betri ikinguruma, na mtoto analia anataka blanketi lake. Siku ya 44 nikapima asubuhi kabla ya kwenda kazini, chupa ikabaki samawati, yaani nitriti sufuri. Nikadhani nimesahau matone. Nikarudia. Samawati. Nikachelewa kazini.

Shemeji akaleta sita, na lita 20 za maji yaliyojaa. Nilifunga fundo kwenye kamrija ka hewa, maji ya tangi yakadondoka ndani ya ndoo yao tone kwa tone kwa saa tatu ili wazoee, mimi niko kwenye stuli na chai. Leo ni siku ya 10 na hakuna aliyekufa.

Ila Jumanne nilikaribia kuzimia. Nimerudi nyumbani nikaona mmoja mweupe amelala chali mchangani, macho yako, sharubu ziko. Nikamtoa kwa kijiko, mwepesi kama ganda la kitunguu. Kumbe ni gamba tupu, amejibadilisha nguo! Nikahesabu, nikapata watano, nikahesabu tena. Wa sita alikuwa nyuma ya sponji, laini, anatetemeka kidogo.

Mwingine ana mayai ya kijani chini ya mkia. Nifanye nini?

---

mwana_wa_kreki (Mtwapa)

Hongera. Usifanye kitu. Watoto wake huelea majini wiki kadhaa kabla ya kushuka chini, tena wataka chumvi zaidi ya hiyo yako, kwa hivyo usitarajie kupata wajukuu. Na lile gamba ulilitupa? Uliache siku nyingine, watalila wenyewe.

---

ghorofa_ya_nne

Nililitupa. Nimekwenda kulitafuta kwenye pipa, mke ameshalimwaga.