Yaya wa Kiingereza: kweli ni "mtu wa familia" au ni njia ya kumlipa kidogo?

Mleta mada
Wakuu habari zenu. Kwenye uzi mmoja kuna mdau alisikitika kwamba sheria mpya za Uingereza zimeua yaya wa zamani, yule anayeingia nyumba moja akiwa binti, analea watoto, watoto wanakua wanaoa, anabaki analea na wajukuu mpaka anazeeka humohumo. Nataka tulijadili.

Kwa asiyejua, kima cha chini cha mshahara kilipoanza kule mwaka 1999 waliacha mwanya: mfanyakazi anayeishi kwa bosi wake akichukuliwa kama mtu wa familia, yaani anakula nao, anakaa nao sebuleni, anashiriki starehe zao, basi halazimiki kulipwa hicho kima. Ilikusudiwa zaidi wale mabinti wanaokuja kukaa na familia wajifunze Kiingereza huku wanasaidia saidia watoto, lakini mwanya ukishakuwepo unajua tena, wakaingizwa humo mayaya na wadada wa kazi wanaopiga kazi kutwa nzima. 2020 mahakama ya kazi ikasema hii inabagua wanawake maana ndio wengi kwenye kazi hizo, mwaka uliofuata tume ya mishahara ikashauri mwanya huo ufutwe, ukafutwa rasmi tarehe 1 Aprili 2024.

Msimamo wangu: mtu wa familia hafukuzwi kazi. Kama mnaweza kumfukuza huyo ni mfanyakazi, mlipeni. Karibuni.

Chifu Mstaafu
Mkuu wewe unaona hela tu. Kuna huyu Margaret MacDonald, wenyewe walimwita Bobo. Aliingia kama msaidizi wa yaya wakati Malkia Elizabeth bado mtoto mchanga, baadaye akawa ndiye anayemtunzia mavazi, na alifariki 1993 akiwa anaishi ndani ya Buckingham Palace, ana vyumba vyake. Miaka zaidi ya 60 hiyo. Sasa hapo unaanza kumpigia hesabu ya lisaa limoja shilingi ngapi?

Mleta mada
Chifu umechukua nyumba tajiri kuliko zote Uingereza ndio mfano wako 😂 Haya chukua Elizabeth Everest, yaya wa Winston Churchill. Alianza naye 1875 mtoto akiwa na miezi tu, mama mtu yuko kwenye madansi baba yuko kwenye siasa, aliyemlea yule mtoto ni Everest. 1893 vijana wameshakua, familia ikamwachisha kazi kubana matumizi. Churchill mwenyewe alimwandikia mama yake kulalamika, haikusaidia. Miaka miwili baadaye Everest wa watu akafa, na aliyekimbilia kitandani kwake akamtafutia na daktari ni Winston. Jiwe la kaburi wakaweka yeye na mdogo wake. Kwa hiyo mapenzi yalikuwepo tena ya kweli kabisa, ila yalikuwa ya mtoto, na mtoto siye anayelipa mshahara.

Msomaji Kimya
Mnachanganya watu wawili tofauti. Yaya aliyesomea, mfano Norland, chuo kilichoanzishwa na Emily Ward 1892, siku hizi kiko Bath, wale wa magauni ya kahawia na kofia, wanafundishwa mpaka kuendesha gari kwenye utelezi, huyo hajawahi kuhitaji sheria ya kima cha chini imtetee. Yule Mhispania Maria Borrallo aliyeanza kumlea Prince George, mtoto wa Prince William, 2014 katokea hapo. Wanagombewa na matajiri, mkataba anausoma mstari kwa mstari. Anayeumia ni asiye na cheti na mara nyingi viza yake imeshikiliwa na haohao wenye nyumba.

Mama Pacha
Nimefanya hiyo kazi ya kulala kwa watu, kaskazini mwa London. "You are one of us" nimeimbiwa sana. Ijumaa usiku wao wanatoka mimi nabaki na watoto, haihesabiwi saa za kazi eti si nipo nyumbani. Wakienda likizo wananichukua, marafiki wananionea wivu, kumbe kule ndio kazi mara mbili maana hakuna shule wala mlango wa kufunga. Na chumba nilikuwa nasimangwa nacho. Angalau ulipofutwa ule mwanya 2024 bosi alikuwa haruhusiwi kuhesabu malazi kama sehemu ya kima cha chini zaidi ya pauni 9.99 kwa siku, yaani hawezi tena kusema chumba chako ndio mshahara.

Kijukuu
Sawa lakini pigeni hesabu. Kima cha chini cha mwaka huo, pauni 11.44 kwa saa, mara saa 50 ni 572 kwa wiki. Manesi wawili wa kawaida wenye shifti za usiku wanatoa wapi? Mnamtetea yaya mnamsahau mama mwingine ambaye naye ni mfanyakazi.

Mama Pacha
Kwa hiyo huruma yako kwa nesi nilipie mimi?

Chifu Mstaafu
Hapo dada umenibana. Ila bado nasema kuna kitu kinapotea, siku hizi yaya anakaa miaka miwili mitatu anahama, mtoto analia wiki nzima.

Mleta mada
Chifu hilo nakubali, mtoto anaumia. Lakini wewe niambie, huyo wa miaka 40 nyumba moja, ambaye hata jina alikuwa anaitwa "Nanny" halafu ukoo wa mabosi, akifika 66 anaenda kulala wapi? Nyumba hajajenga, chumba si chake. Wenye roho nzuri walimpa kajumba kwenye shamba lao, wasio nayo walimpa saa ya ukutani. Tangu 2012 sheria ya pensheni ya kazini imeanza kuwafikia waajiri na yaya naye yumo, akipata zaidi ya pauni 10,000 kwa mwaka bosi lazima achangie. Aliyekuwa analipwa vipesa vya "mtu wa familia" hiyo elfu kumi alikuwa anaifikisha? Nijibu hilo kwanza ndio turudi kwa Bobo.