Karakana ya bodi na rangi: lifti ya nguzo mbili au ya mkasi?

NyundoNdogo: Wakuu, heshima kwenu. Nataka kununua lifti ya kunyanyulia magari kwa ajili ya karakana yangu ya kunyoosha bodi na kupiga rangi, na muuzaji anasubiri jibu langu. Nasita kati ya ile ya nguzo mbili, ambayo mikono yake hunyanyua gari kwa kingo za chini, na ile fupi ya mkasi, ambayo hukaa chini ya gari na kukunjuka kama mkasi. Ipi inafaa zaidi?

FundiChesisi: Mkuu, hujatueleza unene wa zege la sakafu, kimo cha paa, umeme ulio nao ni wa fezi ngapi, wala aina ya magari unayopokea. Lifti ya nguzo mbili hushikiliwa na bolti zilizozama kwenye zege, na gari likiwa juu nguzo hutaka kuinamiana na kuzing'oa bolti hizo. Sakafu nyembamba au yenye nyufa haifai hata kama lifti yenyewe ni mpya.

MsasaMkavu: Mimi sioni haja ya nguzo. Kazi kubwa ya bodi ni milango, bampa, matao ya magurudumu na kingo za chini ya milango. Mkasi ukipandisha gari mita moja hivi, unapiga msasa ukiwa umeketi kwenye kigoda badala ya kulala ubavu, na ukishaushusha gari jingine linaegeshwa juu yake.

FundiChesisi: Na siku utakapotakiwa kushusha tangi la mafuta ili uchomelee sakafu ya buti? Mkasi unaziba katikati ya gari.

Bampa_la_Nyuma: Kuhusu nguzo mbili, nieleze niliyoyaona nilipokuwa najifunza kazi. Lililetwa gari la saluni lililogongwa nyuma, na ukingo wake wa chini upande mmoja ulikuwa umekunjamana. Likapandishwa vizuri tu, kisha mafundi wakaanza kupunguza vitu vya nyuma: mlango wa buti, bampa, gurudumu la akiba, na hatimaye tangi. Injini ilikuwa mbele, kwa hiyo kila walichotoa kilizidi kuulemeza upande wa mbele. Mimi nilishika tochi nyuma, nikaona pedi ya mpira ya mkono wa lifti inaachana na ukingo wa gari kwa upana wa kidole. Nilipiga kelele, wote wakakimbia nje, na gari likabaki limeinamia mbele huku likiyumba, hadi msimamizi alipofunga mkanda wa kuvutia mizigo kutoka ekseli ya nyuma hadi kwenye mikono ya lifti. Hakuna aliyeumia, lakini tangu hapo sikubali gari ling'olewe kitu kizito bila stendi ndefu kuwekwa chini yake kwanza.

MsasaMkavu: Hilo ni kosa la mafundi, si la lifti.

Bampa_la_Nyuma: Ni kweli, ila magari yetu ndiyo hayo, yaliyopinda mahali pa kunyanyulia.

RangiMbili: Yeyote atakayechagua mkasi asiuingize kwenye chumba cha rangi ukiwa na mota yake ya kawaida, kwa sababu cheche ya swichi hutosha kuwasha mvuke wa thina. Zipo zinazoendeshwa kwa hewa ya kompresa. Vumbi la msasa nalo hunasa kwenye grisi ya roli za mkasi zinazoteleza, kwa hiyo usafishaji ni wa mara kwa mara.

NyundoNdogo: Nashukuruni. Jengo ni la kupanga, unene wa zege siujui, paa lina mita 3 na umeme ni wa fezi moja. Magari mengi ni saluni, na pikapu mojamoja.

FundiChesisi: Kwa paa hilo, nguzo mbili nyingi hazitasimama humo. Na mwenye jengo ameridhia sakafu itobolewe?

RangiMbili: Kwa pikapu, uliza kama mkasi huo una vipandisho virefu, yaani vipande vya kuongeza kimo, vya kufikia chesisi.

NyundoNdogo: Mwenye jengo sijamuuliza. Muuzaji naye sasa anasema ana mkasi uliotumika, wa tani 3, ambao kufuli zake za usalama, zile za kuuzuia usiporomoke, zinashika upande mmoja tu.

MsasaMkavu: Huo hapana, mkuu. Ana mwingine?